Unga wa Platinamu

Kwa miaka sita, dawa ya saratani aliyoitengeneza mkemia Shemsa kwa madini ya platinamu ilikuwa ikiharibikia njiani kabla ya kufika zahanati zisizo na friji. Safari hii aliigandisha, akaikausha ikabaki unga, akaiacha kabatini kwenye joto mwaka mzima.

Mwaka ulipotimia, asubuhi moja alidunga maji kwenye chupa moja ya unga huo. Unga ukayeyuka wote. Mashine ya kupimia ikaonyesha nguvu yake haijapungua.

"Dada, imekubali?" akauliza Lukindo, muuguzi kutoka mpakani, ambako wagonjwa kumi na mmoja walikuwa tayari kuijaribu.

Shemsa alimsogezea boksi la chupa zilizobaki.

Lukindo akazifunga ndani ya shati lake la akiba, bila barafu, akatoka nazo juani.