Muzee Amekataa Kuondoka

Mara ya saba Christophe akazungusha ufunguo, na mara ya saba gari ikakohoa tu bila kuwaka. Nyuma, ndani ya sanduku, Muzee Aloys alikuwa anangoja kupelekwa kuzikwa Luhwindja. Watu wa Nyalukemba walikuwa wamejipanga kando ya barabara na maua yao, wanamtazama dereva kama mtu aliyeingia kanisani amesahau kufunga suruali.

Aibu ilimkaa shingoni, hakuweza kuinua macho. Miaka kumi na moja amemwendesha Muzee, sasa ona.

"Iyi gari tunaijua," alisema Maman Adélaïde, mjane, kwa sauti iliyochoka kulia. "Hata Jumanne ilikataa."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa habari ya Jumanne. Alfajiri ile kifua kilimbana Muzee. Gari hulala kwa Christophe, maana nyumba ya Muzee inafikiwa kwa ngazi tu. Maman alipiga simu, Christophe akamjibu kwamba mazout, yaani dizeli, haishiki moto, anahangaika nayo. Wakangoja, wakangoja. Mwishowe wakampakia mgonjwa kwenye pikipiki, kati ya mwenye pikipiki na jirani. Alifika hospitalini amekwisha kukata roho.

Christophe akafungua kapo, kile kifuniko cha injini. Betri ilikuwa na nguvu. Akasukuma pompe ya mkono mpaka mazout ikatoka bila povu. Akafungua chujio, hakuna maji. Kila alichokigusa kilikuwa kizima, na jasho lilimtiririka hadi kwenye kola ya shati lake la msiba.

Ndipo tante Virginie, dada wa marehemu, akagonga mlango wa gari kwa kiganja.

"Achana na iyo machine. Kaka yangu anakatala kwenda. Kama kuna mutu iko na neno naye, aseme. Mficha ugonjwa, kilio kitamuumbua."

Katekista akaanza kutafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo, ukurasa ambao kidole chake kilikuwa juu yake tayari. Mwache ajifanye hasikii. Jambo hili linajulikana kwetu kuliko litania: maiti ikikataa njia, mwenye kosa husogea akasema, na neno lililosemwa mbele ya sanduku huzikwa nalo. Hakuna wa kukuuliza kesho. Ila asiyesema siku hiyo, basi, atakaa nalo peke yake mpaka na yeye abebwe.

Jirani mmoja akakohoa, akasema aliazima nyundo ya Muzee tangu mwaka juzi. Mke wa mtoto wa tatu akasema aliwahi kumwita bahili, jikoni, mbele ya watu. Christophe akajaribu ufunguo. Gari ikakohoa.

"Bado," alisema tante Virginie. "Iko kubwa kuliko iyo."

Christophe alishuka. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, akazunguka gari mpaka karibu na sanduku. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo pale Honoré alipomshika mkono.

Honoré ndiye mtoto wa kwanza. Alifika jana kutoka Goma, anakofanya kazi kwenye shirika, na mambo haya ya maiti kukataa yalikuwa yanamuudhi tangu asubuhi.

"Tante, Papa hakatali kitu," alisema. "Ni gari ya mazout. Isipopata moto kwanza, haiwake. Christophe, zile bujii za kupasha injini moto zilishabadilishwa?"

"Hapana."

"Ni zile za zamani?"

"Ni zile zile," Christophe alijibu, na hapo hakusema uongo.

Honoré akamwachia mkono. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi, na suti yake nyeusi, mbele ya shangazi, wakwe na majirani.

"Papa, unisamehe. Tangu mwezi wa tatu uliniomba bujii nne tu. Kila ukipiga simu nilikuwa najibu, nitatuma, Papa. Si kwamba sikuwa na uwezo. Nilikuwa nasahau. Na mara ya mwisho nilikuona kwenye simu nikaacha iite. Kama ningetuma, Jumanne gari ingewaka, ungefika kwa munganga. Ni mimi nilikuua, Papa."

Kilio kikapanda upya. Maman Adélaïde akashuka chini pale pale, akakikumbatia kichwa cha mwanawe. "Basi, mutoto wangu," alikuwa anarudia. "Basi. Imeisha." Lakini Honoré hakuinuka. Uso aliufunika kwa mikono miwili, na watu wakageuka pembeni wasimwangalie.

"Imetoka," alisema tante Virginie. "Christophe, washa."

"Tante, mimi..."

"Washa, mwanangu. Padri anatungojea Luhwindja, na jua inapanda."

Wote walikuwa wanamtazama tena, safari hii kwa huruma. Christophe akarudi kwenye injini. Akainama mpaka uso wake usionekane, akaurudisha mahali pake ule waya mdogo wa pompe ya injini aliouchomoa mwenyewe asubuhi, ili ionekane Muzee anakataa, naye apate mlango wa kusema kwamba Jumanne gari iliwaka vizuri, ila iliwakia mbali, Kamanyola, alikoipeleka kwa siri kupakia mchele wa watu.

Akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Gari ikawaka mara moja, na tante Virginie akamwinua Honoré kwa bega.

"Unaona?" alimwambia. "Ilikuwa ni wewe."