Sufuria ya Kwanza ya André

"Mabibi na mabwana! Kwa vizazi vitatu, kiwanda hiki hakijarudi nyuma hata hatua moja!" Adrien alitangaza, kisha akarudi nyuma hatua moja ili picha itoke vizuri, akakalia ndoo ya mchanga mbichi wa kalibu.

Watu wa mtaa wa Kamalondo walicheka kidogo tu, kwa heshima ya matanga. Syntiche hakucheka kabisa. Masista wa shule yake ya bweni wangeshtuka, maana binti huyu ndiye aliyemfunga mbuzi kwenye kamba ya kengele ya shule. Lakini baba yake, André, mkuu wa kiwanda, alikuwa amezikwa juma lile.

Kiwanda cha Mutale kilikuwa na sheria yake. Mkuu akifa, sufuria yake ya kwanza, inayokaa rafuni juu ya mlango, huyeyushwa, na mrithi huimimina alumini ileile kalibuni na kusubu ya aina mpya. "Asiyeyeyusha cha marehemu atasubu cha marehemu," walisema wazee. Hivyo ndivyo sufuria za Mutale zilivyopata miguu, kisha masikio, na mikononi mwa André kitako kinene kisichounguza ugali wa bukari. Sasa mrithi, mdogo wake Adrien, alitaka kitako bapa cha jiko la umeme, katika mtaa ambao umeme huja kusalimia tu, haulali.

Kambo Honorine, bibi yake Syntiche na mama wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni tangu matanga yaanze. Majirani walipika nje, lakini mikono yake ilikuwa myeusi kwa makala, yaani mkaa, hadi viwiko.

"Hakuna mutu wa kuingia mu kikoni yangu! Hata padri!"

Adrien akaishusha sufuria, akaitia tanurini. Ililegea, ikainama, ikawa uji wa fedha. Watu wakaangua vilio. Kitu cha mwisho chenye alama ya mkono wa André kilikuwa kimekwenda. Kambo peke yake alitazama kwa utulivu, kama mtu anayeona kuku wa jirani akichinjwa.

Jioni Syntiche alimvuta pembeni, akafungua kitenge kilichofunika sufuria.

"Kambo, usihuzunike. Njo hii sufuria ya papa André. Nilibadilisha asubui kule juu ya mlango, bakachoma ingine."

Alingoja kukumbatiwa. Kambo alipitisha kidole gumba chini ya sikio la sufuria, akitafuta kinundu ambacho André alikiacha alipobonyeza mchanga wa kalibu ukiwa mbichi, na ambacho mama yake tu ndiye aliyekijua. Akapitisha tena. Palikuwa laini.

"Ile ingine benye banachoma leo," aliuliza polepole, "weye ulitoa wapi?"

Syntiche, ambaye hakuwahi kukiri kosa mbele ya sista yeyote, hata mbuzi akiwa bado anapiga kengele, aliinamisha kichwa.

"Mu kikoni yako, kambo. Ulienda misa, nikaingia. Ilikuwa chini kabisa mu gunia ya makala, inafanana na ya papa kabisa. Nikasema, ile, hakuna mutu ataiuliza."