Kamba ya Jikoni kwa Bibi

Kamba ilikuwa ndani ya mfuko wa shule, chini ya madaftari, na Zakia aliogopa hata kuuegemea.

Alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, lakini somo la historia alilisoma na kidato cha tano. Kichwa chake kilikuwa cha kunasa: akisikia jambo mara moja, basi, halitoki. Wenzake walimtania kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Yeye aliona ni kijicho tu, akaendelea kubeba kiti chake kwenda kukaa na wakubwa.

Mwalimu Benedicto ndiye aliyemkubalia, na ndiye aliyemwekea sharti. "Kukariri unajua, hilo sibishi. Sasa niletee ushahidi wa Vita vya Maji Maji kutoka kwenu, usiokuwamo kitabuni. Ukikosa, rudi kwa wenzako." Kila ushahidi aliuuliza swali lake lile lile, mpaka wanafunzi wakawa wanamwigiza: umefikaje hapa?

Zakia hakuhangaika kutafuta. Nyumbani kwao, kule Njinjo, kamba iliyopakwa weusi na moshi ilining'inia jikoni kwa Bibi tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anazikumbuka. Kila mwaka kabla ya kupanda, Bibi alinyunyiza unga wa mtama chini yake, akataja taratibu majina ya wanaume, majina ambayo katika ukoo wao hakupewa mtoto hata mmoja. Kisha akasema, "Tuwieni radhi." Siku hiyo watoto walikatazwa kucheka. Waliambiwa ni kamba ya kunyongea, ya wakati wa Mjerumani, na kwamba mzee wa ukoo wao alikuwepo. Zaidi ya hapo hakuna aliyeuliza, na hakuna aliyekubali kulala jikoni hata mvua ikivuja chumbani.

Zakia alikua na mzee huyo moyoni. Alimwona amesimama chini ya mti na wenzake, shingo wima, hainamishi macho. Alimpenda kama mtu aliyemlea.

Alipomwomba Bibi ile kamba, alitarajia kukaripiwa. Badala yake Bibi alipanda juu ya kigoda akaitungua mwenyewe.

"Ichukue, mjukuu wangu. Nimechoka kuilisha."

Akamwambia maneno machache, akamtaka ayarudie. Wakikuuliza, alisema, jibu hivyo hivyo, usiongeze, usipunguze. Zakia aliyakariri njia nzima juu ya bodaboda, pamoja na yale majina, huku akiwaza kiti chake cha kidato cha tano.

Darasani aliilaza mezani. Hata waliozoea kusinzia walisogea mbele. Zakia alisimulia habari za jikoni, za unga, za mzee wao shujaa. Kisha akayataja majina, kama Bibi anavyoyataja.

Jina la tatu lilimwinua Yasini, kijana wa vilima vya Umatumbi, aliyekuwa akimwazima vitabu tangu siku ya kwanza.

"Huyo ni babu yetu," alisema. "Kaburi lake hatulijui mpaka leo."

Aliomba kuishika kamba. Aliipokea kwa mikono miwili, polepole, kama anayepewa mtoto mchanga, na machozi yakamtoka mbele ya darasa zima bila haya. Zakia naye alilia. Aliona fahari, akaona na udugu; alimwambia Yasini kwamba wazee wao walikufa pamoja, na kwamba likizo lazima aje Njinjo amwamkie Bibi.

Mwalimu Benedicto alivua miwani. Ilionekana wazi kwamba kiti cha Zakia kimeshapatikana. Lakini mazoea ni mazoea, akauliza, kwa upole kuliko siku zote:

"Na imefikaje kwenu?"

Zakia hakuhitaji kufikiri. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, neno kwa neno.

"Mzee wetu alirudi nayo mwenyewe begani, jioni, kazi ilipokwisha."

Ndipo akayasikia maneno yake, na Yasini alikuwa bado ameishika kamba.