Bangili ya Hofu

Katika nchi ile mkimbizi aliruhusiwa kukaa maadamu bado anaogopa. Kila Jumatatu asubuhi karani alipita nyumba kwa nyumba kukagua bangili za mikononi, zilizobadilika rangi kwa kadiri ya hofu ya mvaaji. Mwenye nyekundu alibaki. Mwenye kijani alihesabiwa amepona, akarudishwa kwao, hata akiwa mtoto ambaye mama yake anabaki.

Bangili ya Nabintu haikuwahi kubadilika. Ya bintiye Sifa, mwenye miaka sita, ilianza kufifia tangu apate rafiki wa kuruka naye kamba. Basi kila Jumatatu, kabla ya uji, Nabintu alimkalisha mkekani akamsimulia jinsi nyumba yao ilivyoteketea, baba yake akiwa ndani.

Leo Sifa alisikiliza huku akichezea nywele za mama yake.

"Hiyo naijua, Mama. Halafu tukakimbia, tukafika hapa." Akacheka. Bangili ikawa kijani kama jani la mgomba.

"Hodi!" karani aliita mlangoni.

Nabintu alichukua kisu cha kumenyea ndizi, akamkaba mwanawe shingo na kumwinulia kisu, macho yamemtoka. Sifa hakulia. Alijikojolea tu.

"Karibu," Nabintu akaitikia, kisu amekificha ndani ya kitenge.

Karani alikagua, akaandika. "Nyekundu wote wawili. Hongera, mama, mnabaki."

Alipokwenda zake, Nabintu alipakua uji, akautia sukari nyingi kuliko siku zote. Sifa aliupokea kwa mikono miwili, kama mgeni.

"Asante," alisema, akaenda kuunywea karibu na mlango.