Haidrojeni Imeinama

Feni ya kompyuta iliponyamaza, Nasro alijua hesabu ya umbo la molekuli aliyokuwa akiichunguza imekwisha. Akafunika skrini kwa kiganja.

Mwaka mzima alikuwa akimwambia msimamizi wake wa utafiti, chuoni Bungoma, kwamba molekuli ile hujikunja, haidrojeni yake ikashikana na oksijeni ya molekuli hiyohiyo. Msimamizi hakukubali. "Hesabu ikikataa tena," alimwambia, "utatafuta mada nyingine."

Nyumbani kwao Kitale, mama yake aliweka chai kando ya kompyuta. "Si useme bismillahi uangalie tu. Iko vile iko."

Nasro aliondoa vidole kimoja kimoja. Ilionekana pete ya kaboni, kisha oksijeni, mpira mwekundu. Akaondoa kidole cha mwisho.

Haidrojeni ilikuwa pale, nyeupe, ndogo kama punje ya mtama, imeiinamia oksijeni. Kati yao palikuwa na mstari wa vitone, alama ya kwamba zimeshikana. Nishati ya umbo hilo ilikuwa ya chini, yaani lilikuwa thabiti, kuliko ya umbo lolote alilowahi kujaribu.

"Imeshika?" mama aliuliza.

"Imeshika, Mama."

Alimpigia msimamizi. "Imeinama," akasema, na machozi yakamtoka kabla hajaulizwa ni nini.