Taji la Siku ya Mia

Hazel alikuwa amekwisha kula namba sitini na nne.

Hakukusudia. Asubuhi ile alitoka nyumbani bila hata kunywa kahawa, na vipete vya nafaka, vile vya kifungua kinywa vyenye tundu katikati, vilinukia asali. Mkono ulipaswa kwenda kwenye uzi, ukaenda mdomoni.

"Mwalimu! Huyu anakula hesabu!" Brody alipiga kelele kutoka ng'ambo ya meza.

Ilikuwa siku ya mia tangu shule ifunguliwe, na nje theluji ilikuwa imefika madirishani. Kama kila mwaka, darasa la kwanza walikuja wamevaa kizee, kana kwamba kila mmoja ametimiza miaka mia: mvi za pamba, mikunjo ya kalamu usoni, mikongojo. Hata Mwalimu Krantz, aliyeletwa siku hiyo tu kushika nafasi ya mwenzake mgonjwa, alivaa miwani ya kuazima iliyomtia ukungu machoni. Hazel, mwenye kimo sawa na wao, alipochungulia mlangoni, mkono mfukoni, hakupewa nafasi ya kujieleza.

"Umechelewa, kipenzi! Keti, tumeshaanza!"

Kazi yenyewe ilikuwa kutunga vipete mia kwenye uzi, mafungu kumi ya kumi kumi. Wa kwanza kumaliza angevikwa taji la karatasi. Hazel alilitazama likimetameta mezani kwa mwalimu. Shuleni hakuwahi kupata hata nyota ya kubandika. Akafumba macho.

"Bwana, niongoze mkono, na mdomo unifungie. Amina."

"Oneni ajuza anavyotetemeka!" Brody alicheka. "Umejipaka mpaka sikutambui! Umefanya mazoezi lini?"

"Zamani," Hazel alijibu, akilamba ncha ya uzi. "Tunga, babu. Ndevu zako zinaingia kwenye bakuli."

Otis, aliyekaa ubavuni pake, alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Tangu Hazel aketi, kazi yake ilikuwa kuzuia kicheko tu.

Fungu la tisa likaisha. Kwenye la kumi Hazel akafika tisini na tisa, bakuli tupu. Namba sitini na nne ikaanza kumuuma tumboni. Brody alibakiza vitatu.

Otis akachomoa kipete kwenye uzi wake, akakisukuma polepole mpaka kwenye kiwiko cha Hazel. "Chukua, bibi."

"Mia!" Hazel akapaza sauti, akainua uzi juu.

Mwalimu Krantz akahesabu kumi kumi, akamvika taji. Darasa zima likapiga makofi.

"Na kwa mavazi pia umewashinda wote! Hebu tulivue hili wigi, kipenzi, wenzako wakuone."

Akazishika mvi, akavuta. Akavuta tena, kwa nguvu.

"Aii! Taratibu, mwanangu!" Hazel alisema, taji likimwangukia sikioni. Akatoa mfukoni glavu mbili ndogo nyekundu. "Mimi nilikuja tu kumletea mjukuu wangu, Otis, glavu alizosahau nyumbani."