Kanusho la Msemaji

Siku hizi watafiti wa soko hawahoji watu, wanahoji mashine zao. Ripoti mpya inadai watu wameacha kununua kompyuta zetu za nyumbani kwa sababu hawaziamini. Upuuzi! Mimi ndiye msemaji wa kampuni, na bosi anataka nikanushe kesho asubuhi.

Nilikuwa jikoni nakuna nazi huku nikitunga kanusho kichwani. Nikaigeukia kompyuta yetu ya ukutani, ambayo kampuni yetu ndiyo iliyoitengeneza.

"Hivi na wewe walikuhoji?"

"Walinihoji, Mama Lusajo."

"Ukawaambia nini?"

"Kwamba nyumba hii hainiamini."

"Muongo mkubwa! Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Ila kila ukitaka kumsema mumeo kwa dada yako, unanizima kwanza."

Kweli, huwa naizima. Nachomoa hadi waya.

Nikabaki na kifuu mkononi. Sasa kama huwa nimeizima, imejuaje naongea na nani, tena kuhusu nini?

"Baba Lusajo anafungua geti," ikasema kwa upole. "Unataka kunizima kwanza?"